Nani Atabaki na Mtoto?



Vita vikiisha, bunduki hurudishwa ghalani, magwanda hukunjwa, na nishani huvikwa vifuani. Jeraha halina ghala la kurudishiwa. Askari huenda nalo nyumbani, hulala nalo na kuamka nalo, na siku iliyoandikwa katika kadi ya kliniki inapowadia hulipeleka kwa daktari. Huko nyumbani wako watoto. Basi mazungumzo yetu ya leo yanahusu swali moja: askari wa zamani anapoitwa hospitali, nani atabaki na mtoto?

Swali hili laweza kuonekana dogo, lisilostahili kuulizwa mbele ya watu waliozoea habari za mizinga na vifaru. Jirani zetu wa Msumbiji hawakuliona dogo. Walilijibu porini, tena vita vikiwa vimepamba moto.

Chama cha FRELIMO kilianzishwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi ikalia huko Chai, katika Jimbo la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba, 1964. Mwaka 1967 wasichana 25 wa kwanza walipewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, wakawa chimbuko la Kikosi cha Wanawake. Wanawake hao walibeba silaha, walibeba majeruhi, na walikwenda vijijini kuwaamsha wananchi. Lakini mpiganaji, awe mwanamume au mwanamke, ana mikono miwili tu. Mama akienda doria, au baba akibebwa kwa machela kwenda kutibiwa, mtoto aliachiwa nani?

FRELIMO haikusema kwamba hilo ni shauri la mtu binafsi. Ilijenga vituo vya kulelea watoto katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado na Niassa, na upande wetu wa Mto Ruvuma kikawapo kituo cha Tunduru. Humo walilelewa watoto ambao wazazi wao walikuwa vitani, na wale ambao wazazi wao hawangerudi tena. Aliyesimama mbele katika kazi hiyo ni Josina Machel, mmoja wa wale wasichana 25, ambaye alikuwa Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Jamii ya FRELIMO. Huko Mtwara nako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Hospitali ilitibu mwili wa mpiganaji. Kituo cha watoto kilituliza moyo wake.

Josina mwenyewe aliugua akiwa na mtoto mdogo. Alifariki hapa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25, na mwanawe alikuwa hajatimiza miaka miwili. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Ndugu wasikilizaji, hao walikuwa wapiganaji wasio na bajeti. Sasa tuvuke bahari tumtazame tajiri mkubwa. Katika vita vya Marekani dhidi ya Waingereza, mwanamke mmoja aitwaye Deborah Sampson alivaa nguo za kiume, akajiandikisha jeshini mwaka 1782, na akajeruhiwa. Tangu siku hizo Marekani imepigana vita vingi, karibu na mbali. Lakini ilipofika tarehe 5 Mei, 1010 na elfu moja juu yake, yaani mwaka 2010, ndipo Rais Obama alipotia saini sheria iliyoruhusu kufanywa majaribio ya kuwalea watoto wa askari wa zamani wakati wazazi wao wanatibiwa. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mjini Buffalo mwaka 2011. Mpango huo ulikuja kufanywa wa kudumu kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari, 2021, na sehemu ya sheria hiyo inaitwa kwa jina la Deborah Sampson. Taifa lililopeleka watu mwezini mwaka 1969 lilihitaji miaka mingine zaidi ya 40 kumtafutia mtoto wa askari mahali pa kukaa saa mbili!

Hata hivyo, chema ni chema hata kikichelewa. Sheria hiyo inamlenga mzazi ambaye ndiye mlezi mkuu wa mtoto, na ambaye anatibiwa mara kwa mara maradhi ya akili, au anapata matibabu mazito. Msaada wenyewe waweza kuwa kituo hapo hapo hospitalini, au malipo kwa mlezi.

Kwa nini wagonjwa hao? Askari aliyeumizwa moyo na vita huponywa kwa kusema aliyoyaona. Je, atayasema mtoto wake wa miaka minne akiwa amekaa magotini, anasikiliza? Na anayetundikiwa dripu ya dawa ya saratani kwa saa kadhaa, atamkimbiliaje mtoto anayetambaa kuelekea mlangoni? Mtu wa namna hiyo hukosa kliniki moja, kisha ya pili. Kadi inasema amekacha, kumbe amekuwa mzazi.

Wako watakaouliza kwa kejeli: “Je, hospitali sasa zigeuzwe chekechea? Mkewe yuko wapi?” Tunawajibu. Huenda mke ndiye askari. Huenda yuko kazini, au amekwisha kufa. Na wale waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 leo ni wazee, na katika nchi yetu babu na bibi wanaolea wajukuu si wachache. Jeshi lolote linajua kwamba mstari wa mbele husimama kwa nguvu ya nyuma, yaani posho, risasi na dawa. Mlezi wa mtoto ni sehemu ya nguvu hiyo.

Wala jambo hili halidai mabilioni. Chumba kimoja chenye mkeka na mlezi anayeaminika chatosha kuanzia. Pasipo na chumba, karani aweza kumpangia mzazi saa ambayo watoto wako shuleni. Na katika kota zetu, wanaojua kupangiana zamu za lindo hawawezi kushindwa kupangiana zamu za kulea.

Kwa hiyo, ndugu askari, mwenzako akikuambia kwamba kesho ana kliniki, mpe pole, kisha mwulize nani atabaki na mtoto. Akinyamaza, ujue zamu ni yako.