Kazi Iliyofichwa Ndani ya Bawa

Yafuatayo ni maandishi ya mhadhara kuhusu uundaji wa ndege kubwa za mfano, uliosomwa mbele ya madiwani, walimu wa ufundi, mafundi seremala na vijana wa wilaya. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wapo watu, hasa katika Marekani na Uingereza, ambao baada ya saa za kazi huingia katika karakana ndogo nyuma ya nyumba zao wakaunda ndege. Ndege hizo hazibebi abiria. Huongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ardhini, na nyingi ni mifano ya ndege za kivita zilizoruka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Asiyezijua huziita vitu vya kuchezea. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba jina hilo si sahihi, na kwamba katika uundaji wake limo fundisho linalomhusu kila fundi wa wilaya hii, awe wa mbao, wa mabomba au wa umeme: usalama wa kazi hukaa mahali ambapo jicho la mteja halifiki.

Ukubwa, uzito na kasi

Chama cha kimataifa cha waundaji wa ndege kubwa za mfano, kijulikanacho kwa kifupi kama IMAA, huihesabu ndege yenye jozi moja ya mabawa kuwa kubwa iwapo upana wake, kutoka ncha ya bawa hadi ncha, umefikia inchi 80, yaani takriban mita 2 na sentimita 3. Ndege ya namna hiyo haiingii mlangoni mpaka mabawa yake yafunguliwe.

Mojawapo ya ndege zinazopendwa sana na waundaji ni P-51 Mustang ya Marekani. Iliundwa mwaka 1940 kwa ajili ya serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa na uhaba mkubwa wa ndege za kivita, na ya kwanza iliruka tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo. Kabla uundaji haujakoma zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 15,000. Toleo lake mashuhuri, P-51D, lilikuwa na upana wa mita 11.28. Mfano wake ulio moja ya tano ya kipimo halisi huwa na upana wa mita 2.26.

Hapa pana hesabu inayowashangaza wanafunzi wengi. Urefu ukigawanywa kwa 5, eneo la bawa hugawanyika kwa 25, lakini ujazo wa chombo, na pamoja nao uzito, hugawanyika kwa 125. Mustang halisi, ikiwa imejazwa mafuta na risasi kwa safari ya kawaida, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4,170. Moja ya 125 ya uzito huo ni kilo 33. Muundaji stadi hataki kabisa kufika huko. Hutafuta kilo 11 au 12, kwa sababu kadiri ndege inavyokuwa nyepesi kwa kila mita mraba ya bawa, ndivyo inavyoweza kutua polepole.

Tuseme imefika kilo 11. Bawa lake lina eneo la takriban mita mraba 0.87, na kwa hesabu hiyo ndege hiyo inaweza kubebwa na hewa kwa karibu robo ya kasi ambayo ndege halisi iliihitaji. Sasa tuseme muundaji amezembea, akaongeza gundi hapa, mbao nzito pale na rangi tabaka juu ya tabaka, hadi kilo 14. Kasi yake ya kutua imepanda kwa asilimia 13, na nguvu ya pigo lake ikigusa ardhi imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Hakuna aliyeweka kilo hizo 3 kwa makusudi. Ziliingia gramu kwa gramu.

Na nguvu hiyo si ya mzaha. Ndege ya kilo 11 ikipita uwanjani kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa inabeba nguvu sawa na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka urefu wa mita 7. Mbele yake, juu ya hayo, inazunguka rafadha inayosukumwa na injini ya petroli. Mtu mwenye kulijua hilo hawezi tena kuiita kitu cha kuchezea.

Mezani

Ndege hununuliwa ikiwa seti: sanduku lenye ramani kubwa za michoro, mbao zilizokatwa tayari kwa umbo la kila kipande, na kitabu cha maelekezo. Anayelifungua huona mamia ya vipande, na asipokuwa na subira hulifunga tena. Kazi yake ni ya mamia ya saa, na kwa mtu mwenye ajira na familia hiyo ni miezi mingi, wakati mwingine miaka.

Kitu cha kwanza kinachotakiwa si gundi wala kisu bali meza. Lazima inyooke kabisa, ipimwe kwa pimamaji na kwa rula ndefu ya chuma. Ramani hutandazwa juu yake, kisha hufunikwa kwa nailoni nyembamba ili gundi isiishike, na vipande hupangwa juu ya mistari na kubanwa kwa pini. Bawa lililoundwa juu ya meza iliyopinda hutoka limepinda, na likishafunikwa hakuna msasa utakaolinyoosha. Upindaji mmoja tu ndio unaoruhusiwa, nao huwekwa kwa makusudi: ncha za mabawa yote mawili huinamishwa kidogo sana, kwa kipimo kimoja, ili ndege ikipungukiwa na kasi, ncha ziwe za mwisho kupoteza nguvu ya kuibeba. Bila hivyo ndege hupinduka upande mmoja ghafla, mara nyingi ikiwa karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuirekebisha.

Mbao inayotumika zaidi ni balsa, ambayo asili yake ni misitu ya Amerika ya kitropiki, hasa Ekuado. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 160, ilhali mninga wetu huzidi mara tatu ya hapo. Hata vita vyenyewe viliitumia: ndege ya Uingereza iitwayo Mosquito ilikuwa na mwili wa balsa uliobanwa kati ya tabaka za plaiwudi. Mahali penye mzigo mkubwa, kama vile penye injini na magurudumu, balsa haitoshi na muundaji hutumia plaiwudi.

Umbo la ndani la bawa halitakuwa geni kwa wenyeji wa pwani waliowahi kuona jahazi likiundwa. Jahazi lina mkuku na mataruma. Bawa lina boriti kuu na mbavu. Boriti hiyo kwa kawaida ni miti miwili myembamba, mmoja juu na mmoja chini. Katikati yake, kati ya ubavu na ubavu, hugundishwa vibao vya balsa ambavyo nyuzi zake husimama wima. Vibao hivyo ni vidogo na havina sura ya kusifiwa. Hata hivyo ndivyo vinavyozuia ule mti wa juu usijikunje wakati bawa linapokunjwa na mzigo. Ndege inapoinuliwa kwa nguvu kutoka katika mbizi, mzigo wake unaweza kufika mara sita ya uzito wake. Kwa ndege ya kilo 11 hizo ni kilo 66, sawa na mtu mzima aliyeketi juu ya mabawa.

Mtihani wa muundaji

Sasa hebu wahudhuriaji wamfikirie muundaji aliyefika hapo. Upande wa juu wa bawa ameshaufunika kwa ganda la balsa, ameupiga msasa mpaka umekuwa laini kama yai. Amegeuza bawa ili afunike upande wa chini. Akimulika taa ndani, anaona kibao kimoja karibu na kiungo cha katikati kimeshika nusu tu. Gundi ilikauka kabla hajakibana. Kukitoa ni kazi ya siku kadhaa, na huenda akalazimika kulikata lile ganda alilolilainisha. Kukiacha ni kazi ya dakika moja: anafunika, anapaka rangi, na hakuna binadamu atakayejua.

Katika saa hiyo hakuna mkaguzi karakanani. Mke na watoto wanaona bawa zuri. Rafiki atakayekuja kesho atalisifu. Na huenda ndege ikaruka mara 20 bila tatizo, kisha mara ya 21, siku ya maonyesho, watu wakiwa wamejipanga pembeni ya uwanja, bawa likakunjika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeihurumia kazi yake kuikata leo, kesho huenda akalilia jambo kubwa kuliko mbao. Kwa hiyo muundaji mwenye kuaminika huchukua kisu.

Mizani na redio

Baada ya mabawa na mwili kuungana, hufuata kipimo ambacho hakina msamaha. Kila ndege ina sehemu ambayo ikiinuliwa hapo kwa vidole hutulia bila kuinama mbele wala nyuma. Sehemu hiyo huoneshwa kwenye ramani, na kwa kawaida huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikisogea nyuma kupita kiasi, ndege haitawaliki. Kwa kuwa mkia uko mbali na sehemu hiyo kuliko pua, mkono wa mizani huwa mrefu kwa nyuma: ikiwa ni mita 1.2 nyuma na sentimita 40 mbele, kila gramu 1 iliyozidi mkiani hudai gramu 3 za madini ya risasi puani. Ndiyo maana muundaji huchagua balsa nyepesi kuliko zote kwa ajili ya mkia, akiupima kila ubao kabla ya kuukata.

Kisha huja umeme. Ndege ya namna hii huwa na mota ndogo za kuongozea, ziitwazo sevo, zisizopungua nane: mbili za vibawa vya kuinamisha ndege upande, mbili za vibawa vya kutulia, mbili za mkia wa kulala, moja ya usukani wa mkia wa wima, na moja ya mafuta ya injini. Waundaji waangalifu huweka betri mbili kwa kipokezi, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kabla ya kuruka, redio hupunguzwa nguvu kwa makusudi na muundaji huenda hatua 30 hivi kutoka ilipo ndege, akiangalia kama kila kibawa bado kinatii. Pia huipangia injini izime yenyewe endapo mawimbi yatakatika.

Rangi ina historia

Ndege ya kivita haipakwi rangi apendayo muundaji, bali rangi ya kikosi fulani cha wakati fulani. Wengi huchagua mkia mwekundu. Hiyo ni alama ya Kikosi cha 332 cha Marekani, cha marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1941, katika jeshi lililowatenga na wenzao kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mwaka 1944 walirusha Mustang kutoka Ramitelli nchini Italia, wakizisindikiza ndege kubwa za mabomu. Majina ya marubani hao yanakumbukwa, na inastahiki. Lakini kila asubuhi kabla rubani hajapanda, mafundi, nao weusi, walikuwa wamekwisha kukesha chini ya ndege ile wakikaza nati na kukagua nyaya. Rubani aliruka kwa imani juu ya kazi ambayo hakuiona ikifanywa.

Sheria na wajibu

Nchi zenye uzoefu zimeweka mipaka. Nchini Uingereza, ndege ya mfano inayozidi kilo 25 huhitaji idhini maalumu. Nchini Marekani, chama cha warushaji wa ndege za mfano, kilichoanzishwa mwaka 1936, huweka kikomo cha kawaida karibu na uzito huohuo, na zilizo kubwa zaidi hukaguliwa kwa utaratibu wa pekee.

Hapa Tanzania, vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kibali ni cha lazima. Kijana mwenye hamu ya kazi hii anashauriwa kuuliza masharti kabla ya kununua seti, si baada ya kuimaliza. Asiruke karibu na uwanja wa ndege, juu ya shule, soko wala nyumba za watu. Na mwanafunzi asiyekuwa na uwezo wa kununua seti ya gharama kubwa hajakosa yote: bawa moja dogo la mbao nyepesi, lililoundwa juu ya meza iliyonyooka na kupimwa kwa mizani, lina mafunzo yaleyale.

Waheshimiwa, wilaya hii ina mapaa ya madarasa ambayo kenchi zake zimefunikwa na dari, mabomba yaliyofukiwa, na nyaya zilizomo ndani ya kuta. Watoto huketi chini ya mapaa hayo kila siku bila kuuliza ni nani aliyepigilia misumari. Fundi aliyejifunza kulikata bawa lake mwenyewe kwa sababu ya kibao kimoja kilichoshika nusu, huyo ndiye wa kukabidhiwa paa la shule.