Mahali pa Kale Palipo Karibu Nasi
Hotuba kwa walimu na Wakristu wa Turiani



 Nimeagizwa kusema habari za mahali pa kale katika nchi yetu. Wako watu wadhanio ya kuwa mambo ya kale yako Roma na Yerusalemu tu, na ya kuwa huku kwetu hakuna ila mashamba ya miwa na mpunga. Sivyo.

Tuanze pwani, kwa kuwa imani yetu ilipanda kutoka pwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakaanzisha Misioni ya Bagamoyo. Huko waliwakusanya watoto na vijana waliokombolewa katika utumwa, wakawafundisha dini, kusoma, na kazi za mikono. Ndiko pia alikoletwa maiti Livingstone mwaka 1874, akichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao kwa mwendo wa miezi mingi kutoka bara.

Mwaka 1877 Mapadre walifika Mhonda, penye milima ya Nguru, jirani zetu kabisa. Wala hawakuja peke yao. Walikuja pamoja na Wakristu vijana kutoka Bagamoyo, waume na wake zao, waliokuwa wametolewa utumwani, wakajenga kijiji cha Kikristu. Misioni ya Morogoro ilianzishwa mwaka 1882; kwa hiyo Mhonda ni mkubwa wake kwa miaka 5. Vikariati ya Bagamoyo iliwekwa mwaka 1906, na Jimbo la Morogoro mwaka 1953. Mwaka 2027 ndio mwaka wa 150 tangu Mhonda kuanza.

Sasa nitasema neno gumu. Tunapohesabu miaka ya Misioni, twataja Mapadre na Maaskofu, nasi twafanya vema. Lakini wale vijana waliolima, waliochukua mawe, waliozaa watoto wa kwanza wa Kikristu katika nchi hii, wangapi kati yetu waweza kutaja majina yao? Tena iko sababu ya kunyamaza. Kwetu, kumwambia mtu kwamba babu yake alinunuliwa kwa fedha ni kumtukana. Basi wazee wengine waliona afadhali kulificha jambo hili, na makaburi yakaota majani.

Wala tusiwafanye watu hao kuwa malaika. Kijiji cha Misioni kilikuwa na kengele yake, na amri zake, na kazi nyingi. Wengine walinung'unika, wengine walitoroka. Walakini wako waliokaa, ingawa njia ilikuwa wazi mbele yao. Imani ya hao waliokaa ndiyo tuliyorithi.

Huenda mtastaajabu nikitaja vilabu vya pombe pamoja na makanisa. Lakini navyo vina habari zake. Zamani pombe ya mtama haikuwa biashara ya kila siku. Mwenye shamba aliipika awaite jirani zake kulima, au ilipikwa kwa arusi na kwa matambiko. Walipokaa kunywa, wazee walisimulia nasaba na mipaka ya mashamba. Leo pombe yauzwa, na fedha ya ada za watoto yapotelea humo. Ulevi ni dhambi, nami sitaacha kuufundisha hivyo. Hata hivyo mzee ajuaye kaburi fulani ni la nani, mara nyingi yumo kilabuni, wala hayumo kanisani. Mwalimu akimpita bila salamu kwa sababu ya kibuyu chake, siku mzee huyo atakapokufa itapotea habari isiyoandikwa popote.

Basi mwendeeni asubuhi nyumbani kwake, kabla ya kilabu kufunguliwa. Mpeni shikamoo, kaeni chini, mwulizeni polepole. Waulizeni na jirani zetu Waislamu, maana nao wamezikwa karibu nasi, na wazee wao walituona tukifika.

Walimu, nawaomba mambo matatu kabla ya mwaka 2027. Wapelekeni watoto kufyeka makaburi ya kale, kwa ruhusa ya Padre na ya jamaa. Andikeni majina katika daftari, na kando ya kila habari mwandike aliyeisema, ili watakaokuja wapate kuipima. Na kila mwenye babu aliyekombolewa amtaje mbele ya wanawe pasipo haya. Aibu ni ya yule aliyemwuza.

Mungu awabariki. Amina.