Utafiti wa Misuli na Viungo Katika Kazi ya Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwanachama wetu, mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya Serikali)



Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie "mambo ya viungo", akaongeza kwamba wanachama wengi wamekwisha vuka miaka 40 na wote wana swali moja: kwa nini mgongo unauma? Swali hilo nitalijibu kadiri ya uwezo wangu. Lakini naomba ruhusa nilipitishe katika swali jingine, linalonihusu mimi kama mtumishi ninayelipwa kwa kodi yenu: utafiti ukishagundua jambo, unamfikiaje mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la hospitali saa mbili asubuhi?

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu nyumbani hudhani nilikwenda chuo kikuu kusomea kukanda watu. Fiziotherapia ni kumtibu mtu kwa mwendo, kwa mazoezi, kwa mikono na kwa maelezo. Tunamrudisha aliyepooza kwenye miguu yake, tunamnyoosha aliyetolewa plasta. Hata hivyo fungu kubwa la wagonjwa wetu wa nje ni watu wenye maumivu ya mgongo, shingo, mabega na magoti. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna hali nyingine inayowalemaza watu wengi duniani kupita hiyo.

Zamani agizo lilikuwa moja: mgongo ukiuma, lala. Madaktari wa nchi nyingi waliagiza wiki nzima kitandani, pengine mbili, na wagonjwa walitii kwa sababu agizo lenyewe lilionekana la busara, kilichoumia kipumzishwe. Mwaka 1986 Dakta Richard Deyo na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio lililohusu wagonjwa 203. Kwa kura, wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Waliolala siku 2 walikosa siku za kazi chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45, na hali zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao.

Mwaka 1995 watafiti wa Finland wakaenda mbele zaidi. Waliwachukua wafanyakazi 186 wa Jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu makali ya mgongo, wakawagawa kwa kura katika mafungu 3: kulala siku 2, kufanya mazoezi maalumu ya mgongo, au kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni wale walioendelea na shughuli zao. Waliochelewa kupita wote ni wale wa kitandani. Angalieni, ndugu zangu, kwamba hata mazoezi maalumu, yaani bidhaa ninayouza mimi, yalishindwa na shughuli za kawaida katika siku hizo za mwanzo. Mtu wa kazi yetu anayeusoma utafiti ule kwa haki hana budi kulimeza na hilo.

Imepita miaka 30 hivi. Lakini hata leo hazipiti siku nyingi kabla sijampokea mtu aliyeambiwa alale chali juu ya ubao mwezi mzima.

Jambo la pili ni picha. Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna kitu kama mto mdogo kiitwacho diski. Mwaka 1994 Wamarekani walichapisha matokeo ya kupiga picha za MRI migongo ya watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 yao walikuwa na diski iliyofura walau mahali pamoja. Waliokuwa na diski zisizo na kasoro kotekote ni asilimia 36 tu. Maana yake ni kwamba kasoro nyingi zinazoonekana katika picha ni mabadiliko ya umri, na huwapata hata wanaocheza ngoma hadi alfajiri. Kichwa kikiota mvi hatusemi kimeoza.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mkulima mmoja wa mpunga, mtu wa makamo, ameikumbatia bahasha ya picha kifuani kama hati ya shamba. Aliuza ng'ombe kuilipia. Mahali fulani, ambapo sitapataja, aliambiwa kwamba pingili zake zimesagika na kwamba akiinama tena atapooza. Tangu siku ile hakushika jembe misimu miwili. Nusu ya shamba aliikodisha, na mwanawe wa kidato cha pili alibaki nyumbani alime nusu iliyobaki.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa niuonee huruma mgongo."

Nilimpima. Nguvu za miguu zilikuwa kamili, hisi za ngozi sawasawa, haja ndogo na kubwa bila matatizo, hakukonda wala hakuwa na homa. Kisha nikamwuliza tangu asubuhi ameinama mara ngapi. Akasema hata mara moja. Nikamwuliza, "Na viatu ulivyoacha pale mlangoni, nani aliyekufungulia kamba?" Akavitazama viatu, akanitazama mimi, akacheka mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka.

Kicheko kile kilikuwa mwanzo wa tiba. Baada ya hapo tulianza na kuokota ndoo tupu, wiki iliyofuata ndoo yenye maji robo, kisha nusu. Nikampa mpini wa jembe usio na jembe, alime hewa pale uani, dakika 5, halafu 10. Baada ya miezi 3 alikuwa amelima nusu eka. Mwanawe alirudi shule, ingawa alirudia darasa. Mgongo bado humuuma jioni, na sikumwahidi vinginevyo.

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno matupu, si tiba. La hasha. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kuhusu watu wa vijijini Nigeria wenye maumivu sugu ya mgongo. Jambo lililohusiana kwa nguvu zaidi na kushindwa kwao kufanya kazi lilikuwa namna mgonjwa anavyouelewa ugonjwa wake, kupita hata ukali wa maumivu yenyewe. Hivyo basi anayemwambia mkulima kwamba mgongo wake umesagika amempa kitu cha kubeba, na kitu hicho ni kizito kuliko gunia.

Ndugu Mwenyekiti, nisieleweke kwamba tunachukua karatasi kutoka Helsinki na kuibandika ukutani. Yule mfanyakazi wa jiji hulipwa hata akikaa nyumbani, na shughuli yake ya kawaida huenda ni kuandika. "Endelea na shughuli zako" ni ushauri mwepesi kwa karani. Kwa mpagazi wa sokoni, shughuli ya kawaida ni gunia la kilo 100. Hapo utafiti unaniachia kazi mimi: nimshauri agawe mzigo, abebe viroba kwa wiki 2, azungumze na tajiri wake, na mimi mwenyewe niandike barua kama itasaidia. Barua ya namna hiyo huifundishwi katika somo la anatomia.

Tena kuna ugonjwa ambao daktari wa kule anaweza kumaliza miaka mingi bila kuuona, nao kwetu ni lazima tuukumbuke kila siku: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yakifuatana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au mfupa unaochomoza kama kibyongo, hayo si ya kuambiwa "endelea kutembea". Hali kadhalika mgongo unaouma huku miguu inalegea, ganzi imeshika kati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka ama unajitokea wenyewe: mtu huyo afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Vijana, hili mwapelekee wazazi nyumbani.

Sasa nije kwa ndugu zangu wa timu ya maveterani, ambao kila mwaka hucheza na wanafunzi na kila mwaka hubebwa. Wengi wenu mna maumivu ya ile kano nene iliyo juu ya kisigino. Mwaka 1998 Dakta Håkan Alfredson na wenzake wa Umeå, Uswidi, walichapisha majaribio kwa wakimbiaji 15 wa kujifurahisha, wa makamo kama sisi, ambao kano zao zilikuwa zikiuma kwa muda mrefu. Waliwasimamisha kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu. Mtu anajiinua kwa mguu mzima, kisha anajishusha polepole kwa mguu mbovu, goti likiwa limenyooka, mara 15, mizunguko 3. Halafu vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Maumivu yakipungua anaongeza mzigo mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani.

Hesabuni, maana mwalimu wetu wa hesabu yupo hapa: mara 180 kwa siku, kwa siku 84, ni mara 15,120. Mgonjwa wangu anayepanda daladala mbili kuja hospitali naonana naye mara 3, nikibahatika. Nikimpa zoezi lile nusu nusu halafu likashindwa, siwezi kusema kwamba njia ya Waswidi haifai, hakuifuata. Kwa bahati njema, mwaka 2015 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba kuinua mzigo mzito polepole, mara 3 tu kwa wiki, kunaleta matokeo yanayokaribiana. Basi nawaeleza wagonjwa njia zote mbili na wenyewe wanachagua. Wengi huchagua mara 3 kwa wiki, na kwa mzigo tunatumia begi lililojaa mchanga. Watu 15 ni wachache mno kuwa msingi wa imani, na wale wenye maumivu pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino huhitaji mpango mwingine. Lakini kanuni iliyojitokeza ni imara: kano hupona kwa kubebeshwa mzigo pole pole, wala si kwa kuachwa ilegee.

Niseme kidogo juu ya fedha, kwa kuwa naona wanachama wawili hapa ambao hukaa kwenye kamati za manunuzi. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya mgongo yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Linashauri elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, na baadhi ya tiba za mikono kama kuchua. Halishauri mikanda ya kiuno, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala mashine za mawimbi ya sauti, wala dawa za jamii ya morfini. Hata hivyo mikanda ndiyo inayouzwa kila duka la dawa, na mashine ndizo tunazoletewa kama msaada, zikiwa na utepe. Nikiulizwa idara yangu inahitaji nini, husema mikeka 20, ngazi ya mbao, vyuma vya uzito na mtumishi mmoja zaidi. Orodha hiyo haipigiwi picha gazetini.

Vijana mnaosoma baiolojia na fizikia, kazi hii inawahitaji. Pale KCMC Moshi hufundishwa, na mtakaokwenda mtagundua kwamba nyenzo na egemeo mlizoziona hazina maana darasani ndizo zinazoeleza goti. Kuhusu mkao, najua mmeambiwa mkae wima kama mlingoti. Ushahidi kwamba upo mkao mmoja unaouzuia mgongo usiume ni dhaifu. Kaeni mnavyopenda, ila msikae saa 3 bila kuinuka. Na Mwalimu akiuliza, semeni mmeruhusiwa na mwanachama.

Ndugu Katibu ananionyesha saa. Baada ya chakula nitakuwa kwenye ngazi za bweni la zamani, zile za zege ambazo ukingo wake unafaa sana kwa visigino. Wenye kano, magoti na migongo karibuni. Picha ziacheni kwenye gari. Maveterani waje kabla ya mechi, si baada.