Nyumba Inayoulizwa Iko Uingereza

Wasikilizaji, habari ya Uingereza mliisikia Alhamisi, Aprili 11, 2024, wengi mkiwa bado mnapeana mkono wa Idi. Pauni 29,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilitajwa stendi, ilitajwa sokoni, na wenye simu waliigeuza kuwa shilingi wakapata zaidi ya milioni 90. Ndicho kipato anachotakiwa kuwa nacho mtu aliye Uingereza ili amwite mume au mke wake. Kuanzia mwaka 2012 kilikuwa pauni 18,600. Na Desemba 2023 waziri wa mambo ya ndani wa kule wakati huo, James Cleverly, alitangaza kwamba nia ya serikali yake ilikuwa kufika 38,700.

Hatutaisoma habari hiyo upya. Linalotusumbua hapa kituoni Ifakara ni jingine. Makelele ya pauni yamelifunika sharti la pili, sharti ambalo Alhamisi hiyo halikuguswa kabisa, nalo ni la nyumba. Na hapo kwenye nyumba ndipo watu wa bonde hili la Kilombero wanapopoteza fedha zao.

Nyumba inayoulizwa iko Uingereza. Tunasema tena: nyumba inayoulizwa iko Uingereza. Haiko Kibaoni, haiko Lumemo, haiko Mang'ula wala Mlimba. Ofisa wa viza haulizi kama baba mkwe ameezeka bati. Haulizi kiwanja kina hati. Anauliza wanandoa hawa wakishuka kwenye ndege watalala wapi, kama mahali hapo ni pao au wamepapanga kihalali, kama watajilipia wenyewe bila kutegemea msaada wa fedha za serikali ya kule, na kama walio ndani hawatasongamana.

Sasa mtazame mtu wetu anavyoandaliwa na vishoka wa viza, hawa madalali wa uongo. Anaambiwa alete barua ya mtendaji wa kata. Anailipia. Anaambiwa barua ipigwe muhuri wa pili. Anaulipia. Anaambiwa apige picha nyumba ya ukoo, mbele na nyuma, na kila chumba na kitanda chake. Analipia picha. Mwisho anaambiwa familia iandike kiapo kwa wakili kwamba ina nyumba ya kutosha. Ekari moja ya mpunga imekwenda, na katika bahasha yote hiyo hakuna karatasi hata moja inayojibu swali lililoulizwa. Nyumba inayoulizwa iko Uingereza!

Sharti lenyewe halina siri. Sheria ya makazi ya Uingereza ya mwaka 1985 inahesabu vyumba na watu. Chumba kimoja, watu wawili. Viwili, watu watatu. Vitatu, watu watano. Sebule inahesabiwa, kwa kuwa mtu anaweza kulala humo. Jiko na bafu havihesabiwi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahesabiwi, na aliye chini ya miaka 10 ni nusu mtu. Wa kike na wa kiume waliofika miaka 10, wasio mke na mume, wasilazimike kulala chumba kimoja. Na hili wengi hawaambiwi: si lazima mwenyeji wako awe na nyumba nzima. Akiwa anaishi kwa ndugu au na wapangaji wengine, inatosha mpate chumba ambacho ni chenu ninyi wawili peke yenu, mradi nyumba yote isizidi idadi ya watu.

Kwa hiyo karatasi zinazotakiwa ziko kwa mwenyeji wenu, yule aliye huko. Mkataba wa pango au hati ya nyumba. Barua ya mwenye nyumba ikisema amekubali huyu mwenzi ahamie. Maelezo ya vyumba vingapi na nani wanaishi humo. Muhuri wa mtendaji wetu haufungui mlango wa nyumba iliyoko Leicester.

Tuseme wazi kwamba pauni 29,000 zinatuumiza. Kipato kinachohesabiwa ni cha aliye kule. Mke wake anaweza kuwa mwalimu hapa Ifakara, ana mshahara wa kila mwezi na uzoefu wa miaka, na mshahara huo hauingii kwenye hesabu hata senti. Anayefagia hospitali au kuwahudumia wazee kule, kazi halali na ya heshima, huenda asiifikie hesabu hiyo hata akiongeza zamu. Mwaka 2024 ada ya viza ilikuwa pauni 1,846, na malipo ya matibabu yalipandishwa Februari mwaka huo hadi pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Jumla ilikaribia pauni 5,000 kabla mtu hajanunua tiketi. Waliokwisha kuwasilisha maombi kabla ya Alhamisi hiyo walibaki kupimwa kwa kiwango cha zamani. Wengine wengi wamefungiwa mlango mzito zaidi, na mtu aliyebanwa hivyo ndiye hasa anayemsikiliza kishoka.

Halafu, wasikilizaji, kuna Dar es Salaam. Mnatujua kwa wimbo huu na leo tutauimba tena. Kila kitu Dar es Salaam! Alama za vidole, Dar es Salaam. Kipimo cha kifua kikuu, Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, kwa basi au kwa treni ya TAZARA, na masika maji yakijaa bondeni mtu wa Mngeta hana hakika ya kufika hata Ifakara mjini. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi 6. Mwenyeji akichelewa kumshawishi mwenye nyumba atoe barua, cheti kinakufa, na safari ya Dar es Salaam inaanza upya, nauli upya, kulala gesti upya.

Na kipimo hicho kinafuatwa Dar es Salaam na mtu anayetoka mji gani? Anatoka Ifakara! Mji wenye Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, wenye kliniki inayotibu kifua kikuu na UKIMWI kila siku. Mji ambao Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 maabara ikafunguliwa ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayoheshimiwa duniani kote kwa utafiti wa malaria. Ulaya inaamini damu inayopimwa hapa ikiwa ni ya utafiti. Picha ya kifua cha mwanamke wa Kilombero anayemfuata mumewe, hiyo lazima ipigwe Dar es Salaam.

Tunawataja wageni kama Geigy kwa sababu ndoa za kuvuka mipaka si kitu kigeni kwetu. Madaktari, masista na watafiti wameishi hapa miaka mingi, wamekula wali wetu na kambale wa mto Kilombero, na wapo waliooa na kuolewa. Vijana wetu nao wamekwenda kusoma na kufanya kazi, wengine Uingereza, wengine Uswisi, na Uswisi nayo humtaka mgeni mwenye kibali cha kuishi aonyeshe makazi yanayotosha kabla hajamwita mwenzi wake. Jambo hili la makazi halikuisha na mabadiliko ya Alhamisi ile. Linagusa kaya zetu, na kaya zetu zinaliendea gizani, kila moja peke yake, kila moja ikianza kwa kishoka.

Basi tuseme na kila mmoja.

Wewe uliye kule, kabla hujamwambia mwenzi wako aanze safari ya Dar es Salaam, tuma mkataba wa nyumba! Tuma barua ya mwenye nyumba. Hesabu watu, hesabu vyumba, andika ukweli. Ukiona mnazidi, tafuta chumba kingine sasa, usisubiri barua ya kukataliwa ikufundishe.

Wewe uliye hapa, usiuze shamba kununua muhuri. Usikubali mtu akutengenezee mkataba wa nyumba usiyoijua, yenye anwani usiyoweza kuitaja. Karatasi ya uongo ikigundulika maombi yanakataliwa, na kumbukumbu yake itakuandama kila utakapoomba tena. Karatasi yoyote iliyo kwa Kiswahili iende na tafsiri iliyothibitishwa. Na kama mlifunga ndoa ya kimila au ya msikitini na hamjaiandikisha, iandikisheni wiki hii, maana bila cheti cha ndoa ni vigumu hata swali la nyumba kufikiwa.

Watendaji wa kata, acheni kuandika barua mnazojua hazina kazi. Mwananchi akija anataka barua ya nyumba kwa ajili ya viza ya Uingereza, mwambieni ukweli, arudi na fedha yake mfukoni.

Ubalozi wa Uingereza, hospitali tunayo, madaktari tunao, mashine tunazo. Njooni mzikague, na kipimo kifanyike Ifakara.

Na ninyi madiwani wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara, tunataka dawati moja. Meza moja, ofisa mmoja anayekisoma Kiingereza cha fomu hizi, siku mbili kwa wiki, bure, pale halmashauri. Kikao chenu kijacho liwekeni kwenye ajenda, mtupe jina la ofisa huyo na siku zake, nasi tutalitangaza kila asubuhi hapa hapa mpaka mtu wa mwisho kule Mlimba alijue.