Neno la Mwenyekiti

Leo namtaja mwenzetu mwenye duka la vyombo. Babake Mshihiri, asili ya Yemen, mamake Mdigo. Dukani kwake mikeka ya ukindu iko pamoja na madele ya kahawa, kama nyumbani kwao. Tulimwambia achague kimoja, akajibu, "Nitupe upande gani?"

Mwaka wa tatu wa kikundi alishindwa kulipa mkopo. Mimi mwenyewe nilitaka atolewe. Tulipokwenda kumdai hakujificha. Alitutandikia mkeka, akatukaribisha kahawa na kashata, ndipo akafungua daftari lake. Tukamwongezea miezi sita. Alilipa yote.

Wanachama, deni lisitufanye tukimbiane.