Ngwini na Papa Upanga: Wavu Mmoja, Maafa Mawili

Leo tunawatazama viumbe wawili wa bahari ya Afrika wasiofanana hata kidogo. Ngwini wa Afrika ni ndege asiyeruka, anayezaliana Namibia na Afrika Kusini pekee. Papa upanga ni samaki mwenye pua ndefu iliyopangwa meno kila upande, na aliyekomaa aweza kupita urefu wa mita 6.

Kinachowakutanisha ni wavu. Ngwini hunyang'anywa chakula chake, yaani saradini na dagaa. Papa upanga hunaswa yeye mwenyewe, kwani meno yaleyale anayowindia husokotana na nyuzi za wavu. Silaha yake imekuwa kitanzi chake.

Hata hivyo, ngwini hupanda nchi kavu kutaga, akahesabika. Mwaka 2024, jozi zinazozaliana zikiwa chini ya 10,000, alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2025 mahakama ya Afrika Kusini iliamuru uvuvi wa samaki hao uzuiwe karibu na makazi yake sita kwa miaka 10.

Papa upanga aliishi katika maji ya matope, kwenye midomo ya mito, asihesabiwe na mtu. Nchini humo alionekana mara ya mwisho mwaka 1999.

Msikilizaji, ikiwa wazee wako walikuwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako naye alivuliwa, waulize walimwona lini. Huenda kumbukumbu zao ndizo daftari pekee lililosalia.