Hesabu Nayo Inaponyesha
(Maneno kwa wanafunzi wauguzi, Mubambiro)

Vijana, wengi wenu mnakimbia somo la takwimu. Mnaniambia: "Mama, tulikuja kujifunza sindano, si hesabu." Sikieni basi.

Mwezi wa 8, 2018, Ebola ilitangazwa Mangina, humu Kivu ya Kaskazini. Dawa za kujaribu zilikuwa nne. Ipi inaponyesha? Kwa macho tu huwezi kujua, maana anayekuja mapema mara nyingi anapona, hata dawa ikiwa zaifu. Kwa hiyo wagonjwa waligawanywa kwa kura, kila mmoja akafuatwa siku 28. Agosti 2019, wagonjwa wakiwa 681, hesabu zikasema wazi: kwa dawa mbili, nusu hivi walikufa; kwa mAb114 na REGN-EB3, kama theluthi moja. Jaribio likakatwa, wagonjwa wakapewa hizo mbili. (Na mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Mtu wa kwetu!)

Elimu hiyo ni biostatistiki. Somo lake liko Kinshasa, kwenye Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu. Aliyeisoma anaweza kupata kazi kwenye zoni ya afya, kwenye chanjo, INRB ao mashirika. Lakini algebra utaikuta, na kompyuta pia.

Nayo inaanzia kwenye rejista yako. Mimi nilipokuwa muuguzi mpya niliandika "kuhara" tu, pasipo umri wala kijiji. Wagonjwa wakazidi. Daktari akauliza: "Wanachota maji wapi?" Nikafungua rejista. Mistari imenyooka, mwandiko mzuri. Jibu hakuna.